Mchanga wa Pangani ni wetu sisi watu wa Moshi? Bahari inakula shamba la shangazi, naomba mnieleweshe

#1 Mwana wa Kiboriloni

Wakuu, salaam.

Mimi ni wa hapa Moshi, ila shangazi yangu aliolewa Pangani zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mwezi uliopita nilikwenda msibani kule. Nilipokuwa mtoto tulicheza mpira kati ya minazi yake na bahari, magoli mawili kabisa, na bado ulibaki mchanga wa kuanikia dagaa. Safari hii nimekuta mnazi wa mbele umelala majini, mizizi juu, imetawanyika kama fagio lililochakaa. Wa pili umeinama. Nilisimama pale maji yakijaa. Kila wimbi lilipopiga liliondoka na konzi ya udongo chini ya mizizi, na maji yalirudi yakiwa mekundu.

Mzee mmoja pale msibani akaniambia neno ambalo halijanitoka mpaka leo: "Ninyi watu wa Moshi mmetufungia mchanga wetu." Anasema mto Pangani ndio uliokuwa ukileta mchanga, na tangu lilipojengwa bwawa la Nyumba ya Mungu miaka ya 1960, mchanga unaishia huku kwetu.

Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona ukienda kusini kidogo unakuta ufuko mpana, kaskazini unakuta majabali yenye ncha kali, kwingine tope na mikoko? Bahari si ile ile?

Nawasilisha.

#2 Kibo Asubuhi

Pole kwa msiba mkuu. Naweka kambi hapa.

#3 Mhandisi wa Njiro

Mzee wa watu yuko sahihi, na sisi wa Arusha tusijitoe. Themi inayopita mjini kwetu inaingia Kikuletwa. Nduruma, Usa, Kikafu, Weruweru na Karanga zote zinaishia huko huko. Kikuletwa inakutana na Ruvu pale Nyumba ya Mungu, na hapo ndipo mto Pangani unapoanzia, kama kilomita 500 hivi mpaka baharini ukihesabu tangu kwenye vyanzo vyake.

Sasa elewa kinachotokea mto ukiingia bwawani. Maji yanayokimbia yana nguvu ya kubeba. Yakifika kwenye maji yaliyotulia nguvu inakwisha, na mzigo unashuka chini: kwanza kokoto, kisha mchanga, mwisho tope. Kinachotoka kwenye mageti ni maji yasiyo na mzigo. Halafu mbele kuna vituo vya umeme wa maji: Hale (1964), na Pangani ya chini (ile mpya ya 1995), nako maji yanasimamishwa kabla ya kuingia kwenye mitambo.

Ufuko ni kama duka. Mawimbi ni wateja, wanachukua kila siku. Mto ndio lori la mzigo. Lori lisipokuja, rafu zinabaki tupu, hata kama wateja ni wale wale.

Ukitaka mfano wa kinyume nenda Malindi, Kenya. Mto Sabaki unashusha udongo mwingi kutoka bara kwa sababu ya mashamba na mifugo. Pale bahari imesukumwa nyuma, ufuko umepanuka, na upande wa Mambrui kuna vilima vya mchanga.

#4 Mpare wa Same

Mhandisi, nakuheshimu ila umeruka kitu kikubwa. Mto ukitoka Nyumba ya Mungu hauendi moja kwa moja Korogwe. Unapita mbuga ya Kirua. Kabla ya bwawa, mafuriko ya masika yalikuwa yanatapakaa pale Kirua kwenye matete, maji yanatulia, udongo unashuka. Babu yangu alikuwa akivua kambare huko, alikuwa akisema maji yanaingia mbugani kahawia yanatoka yakiwa meupe. Maana yake Kirua ilikuwa inafanya kazi ya bwawa kabla bwawa halijajengwa! Mchanga wa Kilimanjaro ulikuwa haufiki Pangani kwa wingi hata enzi hizo.

Mchanga wa pale chini unatoka kwetu, Upare, na Usambara. Mto Mkomazi unaingia Pangani ukiwa umeshapita Nyumba ya Mungu. Luengera nao unaingia pale Korogwe. Hizo hazizuiliwi na Nyumba ya Mungu. Shangazi wa mleta uzi asitulaumu bure.

#5 Dereva wa Segera

Samahani, mimi naona mmechanganya. Ruvu haiingii Pangani. Ruvu inamwaga maji Bagamoyo, mimi daraja la Ruvu navuka kila wiki nikienda Dar.

#6 Mpare wa Same

Kaka yangu Dereva, Ruvu ziko mbili. Hiyo yako inatoka milima ya Uluguru, Morogoro, na ndiyo inayoingia baharini karibu na Bagamoyo. Ruvu yetu inatoka Ziwa Jipe, inapokea maji ya Himo na Mue, inaingia Nyumba ya Mungu. Umevuka Ruvu zote mbili miaka yote ukadhani ni moja?

#7 Dereva wa Segera

Nimekubali. Kumbe ndiyo ile ya Kifaru. Endeleeni.

#8 Mwalimu Mstaafu Sakina

Nimefundisha jiografia miaka mingi, swali la pili la mleta uzi ndilo lililonifanya niandike. Bahari ni ile ile, lakini ardhi inayoipokea si ile ile, na mizigo inayoletwa si ile ile.

Anzeni na neno lenyewe. Pwani ni mahali panapopwa, maji yakienda zake. Wazee waliotunga neno hili walikwishaona kwamba pwani si mstari, ni eneo. Kwetu Tanzania wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji mafu, yale ya katikati, hayafiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kuna ardhi ambayo mara mbili kwa siku ni ya bahari na mara mbili ni yetu, na kazi kubwa inafanyika hapo.

Yale majabali yenye ncha kali uliyoyaona ni mwamba wa matumbawe uliokufa. Zamani, kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita sita mpaka tisa. Matumbawe yakajenga mwamba chini ya maji. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Ukipita maji yakiwa yamepwa utaona jabali limeliwa chini, juu limetokeza kama kofia ya uyoga. Chini linaliwa na chumvi, mawimbi, na viumbe wanaokwangua jiwe. Siku moja kofia inazidiwa uzito, inadondoka, na kazi inaanza upya. Pwani ya namna hiyo inarudi nyuma polepole sana. Pwani ya udongo mwekundu, kama ya shangazi yako, inaweza kurudi mita nzima kwa usiku mmoja wa bamvua na upepo.

Matumbawe yaliyo hai hayapendi maji ya mto. Yanataka maji ya chumvi, safi, yenye mwanga. Ndiyo maana mbele ya mdomo wa mto utakuta mwamba umekatika, kuna mlango. Mlango huo ndio jahazi hupitia kuingia bandarini, na wimbi kubwa nalo hupitia hapo hapo.

Tope na mikoko ni pale maji yanapotulia: ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), nyuma ya fungu la mchanga, kwenye delta kama ya Rufiji ambako ndiko kuna msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa pwani yetu. Mizizi ya mkoko inapunguza mwendo wa maji, tope linashuka, ardhi inapanda.

Na kuna jambo la pepo. Kusi inavuma kama Aprili hadi Oktoba, mawimbi yanafika kwa mshazari kutoka kusini. Wimbi linapanda ufukoni kwa mshazari, linarudi moja kwa moja kwa mteremko, na chembe ya mchanga inasogea kaskazini hatua kwa hatua. Kaskazi ikija, safari inageuka. Kwa hiyo ufuko unaweza kuonekana umekwisha mwezi wa nane ukarudi mwezi wa pili. Mleta uzi, ulikwenda mwezi gani? Mara moja haitoshi kuhukumu. Chomeka kigingi, upime kusi na kaskazi kwa miaka kadhaa.

#9 Dogo wa Majengo

Mwalimu shikamoo. Umesema bahari ilikuwa juu. Mimi nilisikia ilikuwa chini mpaka watu wanatembea kwa miguu kwenda Unguja. Ipi kweli?

#10 Mwalimu Mstaafu Sakina

Marahaba mwanangu. Zote mbili, kwa nyakati tofauti. Kama miaka 20,000 iliyopita barafu ilikuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ikawa chini kwa mita kama 120. Mkondo kati ya bara na Unguja una kina cha makumi ya mita tu, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mito ikachimba mabonde marefu kuifuata bahari ilikokimbilia. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kuyazamisha mabonde hayo. Bandari ya Dar es Salaam na ya Mombasa ni mabonde ya mito yaliyozama.

#11 Mpemba wa Soko Kuu Arusha

Mwalimu ungemalizia kabisa: Unguja iliungana na bara, Pemba haikuungana. Mkondo wa Pemba ni wa mamia ya mita, bahari iliposhuka sisi tulibaki kisiwa. Wanyama wakubwa wa bara waliofika Unguja kwetu hawakufika, ila popo wetu mkubwa yupo kwetu tu, humkuti pengine. Nauza viungo hapa Arusha mwaka wa kumi na mbili, kila mteja ananiambia "wewe wa Zanzibar, Unguja". Hapana ndugu zangu, Pemba.

#12 Binti Bweni

Habari zenu. Mimi ni mwenyeji, naishi Bweni, ng'ambo ya mto, kila siku napanda pantoni kwenda mjini Pangani. Nimesoma yote, naona mnagombania mchanga wa mto peke yake. Nawaomba mnisikilize.

Kwanza, Maziwe. Mbele yetu baharini kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, kina mivinje, kina kivuli, kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi. Mama yangu amewahi kulala pale na wavuvi. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa themanini miti ikawa imekwisha, na kisiwa kikabaki fungu. Leo maji yakijaa unapita na ngalawa juu yake. Kasa bado wanakuja, wanakumbuka, lakini mayai yanafunikwa na maji, kwa hiyo watu wanayahamisha kuja kuyazika bara. Kisiwa hicho hakikulishwa na mto. Mchanga wake ni mweupe, wa mwamba wenyewe. Sasa kama tatizo ni Nyumba ya Mungu, Maziwe iliondokaje?

Wengine wanasema mivinje ilikatwa, mizizi ikaoza, mchanga ukakosa wa kuushika. Wengine wanasema bahari ilianza kuula kwanza, miti ikaanguka yenyewe. Mama anasema alikuta visiki vya shoka. Mjomba wangu, mvuvi, anasema visiki vile ni vya miti iliyokwisha anguka, watu waliokota kuni.

Pili, baruti. Pwani ya Tanga yote tumesikia milio ya baruti tangu utoto. Mwamba ukipigwa baruti unakuwa kokoto, na mwamba ndio unaovunja wimbi mbali kabla halijafika kwenu. Tatu, matumbawe yalivunjwa yakachomwa tanurini kupata chokaa. Nne, mikoko ilikatwa kwa nguzo na kuni, kwingine pakafunguliwa mashamba ya chumvi.

Na mto umepungua maji, hilo ni kweli, tunalionja. Chumvi inapanda mtoni wakati wa kiangazi mpaka mbali, minazi ya kandokando inakauka kuanzia kichwani. Hilo nawalaumu ninyi wa juu, na mpunga wenu na miwa yenu.

#13 Mwana wa Kiboriloni

Dada Binti Bweni, nakushukuru mno. Shangazi yuko ng'ambo yako, upande wa mjini, ukitoka kama unaelekea kaskazini. Mwalimu, nilikwenda mwezi wa nane, kusi kali. Ila mnazi wa miaka thelathini ukianguka sidhani kama kaskazi itausimamisha.

#14 Mwalimu Mstaafu Sakina

Hilo umenishinda. Mti ni kigingi tosha. Mti ulioota pale ukakomaa unathibitisha kwamba kwa miaka yote hiyo bahari haikufika kwenye shina lake.

#15 Fundi Spika Mbuyuni

Mnabishana mchanga umetoka wapi bila kuuangalia. Mleta uzi ulirudi na mchanga? Watu wakienda baharini hawakosi chupa. Kama unao, fanya hivi. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi cheupe, mwagia siki ya dukani. Ukichemka vipovu, ni mchanga wa magamba na matumbawe, wa baharini. Ukinyamaza, ni mchanga wa mawe ya bara. Halafu chukua sumaku ya spika mbovu, izungushie karatasi ya nailoni, pitisha juu ya mchanga mkavu. Chembe nyeusi zitaruka kushika. Za Weruweru zinashika mpaka sumaku inaota ndevu, najua kwa sababu nilipokuwa najenga niliagiza tipa mbili, watoto walimaliza siku nzima wanachezea.

#16 Mpemba wa Soko Kuu Arusha

Fundi ni kweli. Mchanga wetu mweupe siki inauchemsha vizuri. Sehemu yake anautengeneza samaki pono. Pono ana mdomo kama kasuku, anakwangua mwamba kula mwani, jiwe linapita tumboni linatoka mchanga. Ukizamia mahali pametulia unasikia anavyotafuna.

#17 Mwana wa Kiboriloni

Ninao! Mwanangu alijaza chupa ya maji ya nusu lita. Nimefanya sasa hivi mezani, mke wangu ananishangaa.

Siki: kimya. Vipovu vichache tu pale penye vipande vya gamba. Kwa hiyo ni wa bara.

Sumaku: chembe nyeusi zimeshika, si nyingi kama ndevu, ila zimeshika. Lakini kuna kitu kingine. Baada ya kutoa nyeusi, kwenye kisosi zimebaki chembe nyingi kama kioo, nyeupe na za maji ya chai, na katikati yake nyekundu zinazokaribia zambarau, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Nimeweka tochi ya simu kwa chini, zinapitisha mwanga kama divai.

#18 Dalali wa Madini Arusha

Hizo nyekundu ni ganeti mkuu. Nimeshika ganeti maisha yangu yote, ndogo na kubwa. Hiyo haitoki Kilimanjaro. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, mawe yake hayana hiyo. Ganeti inatoka kwenye miamba ya zamani iliyopikwa na kubanwa chini ya ardhi, ile ya Upare na Usambara.

#19 Mpare wa Same

Nilisema mimi! Mchanga wa Pangani ni wetu!

#20 Mhandisi wa Njiro

Taratibu Mpare. Ganeti inathibitisha kwamba wa kwenu upo, haithibitishi kwamba wa kwetu haukuwepo. Chupa hii imechotwa mwaka huu, zaidi ya miaka hamsini baada ya bwawa. Kama bwawa lilikata mchanga wa Kilimanjaro, ni lazima leo ukute wa Usambara peke yake! Ungenipa mchanga wa mwaka 1950 ndipo tungepima vizuri. Na zile nyeusi za sumaku?

#21 Dalali wa Madini Arusha

Nyeusi haziamui. Miamba ya Usambara nayo ina chuma cha sumaku. Ukitaka jibu chimba. Nyuma ya ufuko wa leo huwa kuna matuta ya mchanga wa zamani, bahari ilikokuwa. Chota chini ya meta moja, angalia kama kuna chembe za volkano zaidi.

#22 Kibo Asubuhi

Kuna njia fupi, mchanga ulipitia pango la Amboni. Si tunaambiwa mbwa aliingia Amboni akatokea huku Kilimanjaro?

#23 Binti Bweni

Hahaha! Hadithi hiyo kila mtoto wa Tanga kakua nayo. Mwenzangu mmoja anaongoza wageni pale, anasema wataalamu walishapima, pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja.

#24 Mwalimu Mstaafu Sakina

Ila Amboni inafaa kwa somo hili. Chokaa yake ni ya kale mno, enzi za mijusi mikubwa, na iliwekwa chini ya bahari. Leo ni mapango yaliyochongwa na maji. Bahari ilishafika pale, ikaondoka, na haikuwa mara moja.

#25 Mama wa Mto wa Mbu

Hata sisi tuna ufuko, msidhani pwani ni ya bahari tu. Ziwa Manyara zamani lilikuwa kubwa sana. Kile kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa ndani ya ziwa, ndege wala samaki walijaa pale, na mifupa na kinyesi chao ndiyo fosfeti inayochimbwa leo kuwa mbolea. Ukitembea kandokando utaona ngazi za fukwe za zamani, juu kabisa kutoka maji ya sasa. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Mvua zilipungua, ziwa likarudi. Miaka ya karibuni limepanda tena, miti ya migunga imekufa imesimama majini.

#26 Mhandisi wa Njiro

Mama umesema jambo jema, ila ziwa halina mawimbi ya kusi wala bamvua. Ziwa likipanda linazamisha. Bahari ya Pangani inachimba.

#27 Mama wa Mto wa Mbu

Mwanangu, njoo siku ya upepo uone kama halina mawimbi.

#28 Msafiri wa Himo

Naleta la Dar. Nilifanya kazi hoteli moja ufukoni kaskazini mwa Dar es Salaam kabla sijarudi nyumbani. Bahari ilikuwa inakula, mwenye hoteli akajenga kizuizi cha mawe kutoka ufukoni kuingia baharini. Ndani ya kusi mbili upande wetu wa kusi mchanga ukajaa, tukapanga viti. Jirani wa upande wa pili akaamka hana ufuko. Naye akajenga chake. Wa tatu akajenga chake. Mwisho ukuta mpaka ukuta, na aliyekosa hela ndiye aliyeliwa. Mimi niliwahi kumsaidia mpishi wetu, kijumba chake kilikuwa pale mwisho wa mstari, tukiokoa vitu usiku.

Na vijito vya kule, Tegeta na Mbezi, vilichimbwa mchanga wa ujenzi miaka mingi. Malori yalipanga foleni. Mchanga ule ndio ungefika Kunduchi. Hakukuwa na bwawa lolote pale, ila ufuko uliliwa vile vile. Kwa hiyo Mhandisi, mzigo unaweza kuzuiwa na sepetu tu.

#29 Binti Bweni

Hapo kwenye ukuta ndipo panaponiuma. Mjini Pangani kuna ukuta wa kukinga mji, nashukuru kwa sababu bila huo maji yangeingia sokoni. Lakini wimbi likipiga ukuta halitulii, linarudi na nguvu yake na kuchimba chini ya ukuta, na pale ukuta unapoishia linageuka pembeni. Mwana wa Kiboriloni, shangazi yako yuko mbali gani na mwisho wa ukuta?

#30 Mwana wa Kiboriloni

Si mbali. Unauona ukiwa kwenye minazi.

#31 Binti Bweni

Basi na hilo liongeze kwenye orodha yako.

#32 Kusi na Kaskazi

Mbona hakuna aliyesema bahari inapanda? Dunia nzima imepanda kama sentimita 20 tangu mwaka 1900. Kwenye ufuko wenye mteremko mdogo, sentimita hizo ni mita nyingi za nchi kavu. Bwawa, baruti, ukuta, vyote hivyo vinaharakisha tu.

#33 Mwalimu Mstaafu Sakina

Ni kweli inapanda, na itazidi. Lakini ingekuwa ndiyo sababu peke yake, pwani yote ingeliwa sawasawa. Huoni kwamba Malindi imekua, Pangani imeliwa, katika bahari hiyo hiyo inayopanda? Bahari inapanda kwa wote, wanaoanguka kwanza ni wale waliokosa mchanga au mwamba.

#34 Kusi na Kaskazi

Au wale ambao mto wao umehama. Mdomo wa mto hautulii mahali pamoja. Mafungu ya pale nje yanahama, mlango unahama, na wimbi linapata njia mpya. Huenda miaka thelathini ya mpira wa mleta uzi ilikuwa ni zamu ya upande wake kupata mchanga, na sasa ni zamu ya upande mwingine.

#35 Mpare wa Same

Hiyo nayo inawezekana. Na upande wa Bweni dada, kwenu umeongezeka?

#36 Binti Bweni

Kuna mahali umeongezeka, ndiyo. Sikutaka kusema mapema nisije nikaonekana nimeuchukua mchanga wa shangazi wa watu.

#37 Mwana wa Kiboriloni

Ndugu zangu, nimewasoma usiku wote. Nimempigia shangazi, nimemsomea baadhi. Amecheka la ganeti, anasema basi anakanyaga mali. Kisha amenyamaza, akauliza: "Sasa ule mnazi wa pili nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Yuko tayari kupanda mivinje nyuma ya minazi iliyobaki. Mwalimu, kuna faida?

#38 Mwalimu Mstaafu Sakina

Ipo ya kushika mchanga wa juu usipeperuke, lakini mvinje hauzuii wimbi linalochimba chini. Maziwe ilikuwa na mivinje. Apande mbali na ukingo, asipande ukingoni. Majani yanayotambaa ufukoni, yale yenye maua ya zambarau, asiruhusu mtu ayang'oe. Na apime. Mwambie achague mnazi ambao haujaguswa, afunge kitambaa, ahesabu hatua kutoka shina mpaka ukingo unapokatika, kila bamvua, aandike.

#39 Binti Bweni

Shangazi ana miguu ya kuuma, nimemjua, kumbe ni yule mama wa Kichaga anayeuza vitumbua karibu na pantoni. Nitapima mimi, navuka kila siku.

#40 Fundi Spika Mbuyuni

Dada ukipima chota na mchanga, tia kwenye kiberiti, andika tarehe, tuma na basi la Moshi. Sumaku ninazo.

#41 Dalali wa Madini Arusha

Na wa meta moja chini. Usisahau.

#42 Binti Bweni

Leo bamvua. Nimefika saa kumi na moja alfajiri maji yakiwa yameanza kupwa. Mnazi wenye kitambaa chekundu, wa tatu kutoka mbele: hatua kumi na moja mpaka ukingo. Wa pili haupo, umeanguka usiku wa kuamkia leo. Nimechota viberiti viwili, kimoja cha juu, kimoja nimechimba nyuma ya nyumba kwa jembe la shangazi, nimefika kiunoni. Wa chini ni mweusi zaidi kuliko wa juu. Basi linaondoka saa mbili.